Mwangaza Yenye Ulisema Haifanane

Wivine,

Salamu ya nini? Tuko mu nyumba moja. Niko nakusikia mu chumba, unafunga valise ya safari, unafungua, unafunga tena. Miye niko ku meza na kalamu yako ya bulu. Unajua masomo yangu iliishia mwaka ya ine ya primer, kule Mahagi-Port. Kama maandishi inapanda inashuka, vumilia. Sikutaka mutu mwingine aniandikie. Maneno ni yangu, mukono pia lazima ikuwe yangu.

Sitakuambia ule nini, uvae nini, usali wakati gani. Hiyo unaijua. Kama haujaijua mpaka leo, karatasi haitakufundisha.

Nataka kukuambia kitu moja juu ya baba yako. Ni ile chuma yenye ilianguka kwa Papa Gaston. Kesho asubui, mbele ya chai, nitakupatia hii barua mu mukono, na utaisoma miye niko nakaa hapo. Sitaificha mu valise, usome mu ndege, juu mu mawingu, kwenye hautaweza kunijibu. Nilifichaka ya kutosha. Ukimaliza, utaamua kama unanisalimia ku aeropo ao haunisalimie.

Njo hii: ile muguu ya meza ya chuma haikuwa kazi ya baba yako. Ilikuwa kazi yangu. Ye alibeba kosa yangu mu kaburi, na miye njo nilimubebesha.

Sasa nitasema vile ilikuwa.

Ulimujua baba yako muda kidogo. Alikufa uko na miaka saba. Watu wanakuambiaka alikuwa mutu wa kimya. Uongo. Alikuwa anasema sana, lakini anasema chini ya maski, na moto inapiga kelele, na hakuna mutu anasikia. Akitoa maski amemaliza maneno yake yote.

Tulifika hapa Bunia na vita mu mugongo, na weye pia mu mugongo. Ye alipata kazi ya soudeur, kuunga chuma na moto, kwa Muzee Ukelo, mwenye atelie. Miye nilibebaka muchanga na mawe kwa wale wanajenga. Siku moja alikuja akaniambia: «Acha ile muchanga. Kuja unishikie chuma.» Kushika chuma ni hivi: ye anaunga, miye ninabana kipande isitembee. Sheria ilikuwa moja tu. Usiangalie moto.

Siku ya kwanza niliangalia. Nani ataniambia nisiangalie? Jioni ile macho yangu ilijaa muchanga yenye haiko. Siku tatu nililia sifungui macho. Ye anakata viazi, ananiwekea ku macho, anacheka.

«Nilikuambia. Moto haiangaliwe.»

«Sasa nitaangalia nini, na niko pale siku muzima?»

«Angalia ukuta.»

Basi niliangalia ukuta. Unaikumbuka, ile ya atelie, walipakaka chokaa zamani. Miaka ine mikono yangu ilikuwa ku chuma, uso yangu ku ukuta. Muzee Ukelo alinichokoza: «Mama Wivine, unaangalia ile ukuta sana. Kuko bwana mwingine mule?»

«Kuko,» nikamujibu. «Na ye anajua kunyamaza.»

Lakini ukuta haikunyamaza. Pole pole nikaanza kuisoma. Baba yako akiunga muzuri, mwangaza ku ukuta inasimama. Ni nyeupe, na bulu iko ndani, inatetemeka kidogo tu, kama mayi mu bakuli. Groupe, ile mashini ya umeme, ikikosa nguvu, ukuta inakuwa nyekundu-nyekundu mbele moto ikufe. Akiweka bageti mbali na chuma, mwangaza inapanuka. Akikaribisha sana, inaziba. Nilikuwa ninamuambia bila kugeuka, «Uko mbali,» na ye anasogeza. Siku moja akatoa maski, akaniangalia kama mutu mwenye hajanionaka.

«Weye unaona kazi yangu kuliko miye,» akasema.

Ni ile tu. Hakurudilia. Lakini ile neno niliishika, na njo hii inafanya kosa yangu ikuwe kubwa. Mutu mwenye haone anaweza kusema hakuona. Miye nilijua kuona.

Sikiliza kitu ya bageti. Bageti njo kale kajiti kenye kanayeyuka kanaunga chuma. Kako na nguo, ile unga ngumu inje. Wakati wa mvua ile nguo inanywa mayi, hauone na jicho. Ukiunga nayo, moto inatema, na ndani ya chuma kunabakia tundu. Baba yako kila asubui alipanga bageti ku mbabula ya makaa, pembeni ya sufuria ya maharagi, anazigeuza kama mutu anachoma nyama. Nilimutukana juu ya ile.

«Unatupikia chuma?»

«Hii njo inakula mbele. Siye kisha.»

Hakuna siku aliacha kuzikausha. Hata siku yenye hakukuwa kitu mu sufuria.

Kisha ile homa ya tumbo ikamukamata. Alikuwa anatengeneza meza ya chuma, ya kubeba tank ya mayi ya Papa Gaston. Alikuwa ameunga miguu tatu. Ya ine ilibakia. Ku hospitali, kila mara nikifika na uji, hakuulize uji. «Ile ya Gaston, mumemaliza?» Papa Gaston alikuwa anagojea, Muzee Ukelo alikuwa anagojea. Siku ingine nikamujibu: «Leo ninamaliza.» Akafunga macho kama mutu amepumzika.

Nilikuwa nimekwisha kujaribu maski mara mingi, ye alisimama nyuma yangu. Nilijua kazi. Asubui ile ilikuwa mvua, na nilikuwa na haraka ya kurudi hospitali. Sikuwasha mbabula. Nilichukua bageti vile zilikuwa.

Na weye ulikuwa pale. Hauna mutu wa kubakia naye ku nyumba, njo nilikuleta. Nilikukalisha ku bidon ya mayi, uso ku ukuta, vile baba yako alinifundisha. Nikashusha maski, nikaanza.

Haukumbuke? Nilikuuliza siku moja, kama muchezo, kama unakumbuka kitu ya atelie wakati ulikuwa mudogo. Ulisema unakumbuka harufu tu. Miye ninakumbuka.

Ulisema: «Mama, yako inarukaruka.»

«Nini inarukaruka?»

«Mwangaza. Ya papa inakaaka. Yako inaruka, inatema. Haifanane.»

Nikainua maski. Ulikuwa bado na uso ku ukuta, haukugeuka, juu nilikuambia usigeuke. Miaka saba. Ulikuwa umeona yenye Muzee Ukelo hawezi kuona na mvi yake yote. Na miye masikio yangu ilikuwa inasikia ile moto inakaanga kama samaki yenye haijakauka. Nilijua. Nikakuambia:

«Ni moja tu. Moto ni moto. Nyamaza.»

«Haifanane, mama.»

Nikakufukuza inje. Ulisimama mu mvua chini ya mabati, ukingojea nimalize.

Kisha nikapiga ganda na nyundo. Weye unajua, kisha kuunga kunabakia ganda nyeusi juu ya mushono. Juu ni laini, inangaa, muteja anaipenda. Ukiitoa njo unaona kazi. Niliitoa. Chini kulikuwa tundu ndogo-ndogo kama mukate. Fundi akiona ile, anakata, anakausha bageti, anaanza tena. Miye nilichukua rangi nikapaka.

Njo kosa yangu, yote mu mustari moja: niliona, mutoto aliniambia, na nikapaka rangi.

Baba yako alikufa juma mbili kisha. Alikufa anajua kazi ya Gaston iliisha muzuri. Nilimuambia vile. Siku ya ine ya matanga, tank ilijaa mayi ya mvua, ile muguu ya ine ikatoka, na meza ikamuangukia Papa Gaston akiwa anachota. Muguu yake ikavunjika juu na chini ya goti. Mutu mwenye kazi yake ni kushona, mashini ya kukanyaga na miguu mbili.

Sasa ujue wakati ile ilikuwa wakati gani. Vita ilikuwa imeisha ku radio. Lakini mu quartier, mu mutaa yetu, kila nyumba ilijua nyumba ya jirani inasema luga gani. Watu walisalimiana ku soko na muchana, na jioni kila mutu analala na viatu. Papa Gaston si mutu wa kwetu. Vijana ya kwao wakakuja mu kiwanja yetu, kumi ao zaidi, mikeka ya matanga ingali chini. Vijana ya kwetu wakasimama pia. Hakuna mutu alikuwa anapiga kelele. Njo mubaya, wakati hakuna kelele.

Mukubwa wao akauliza: «Nani aliunga ile muguu?»

Niliangalia chini. Nikasema: «Ni marehemu.»

Mutu hawezi kupigana na kaburi. Mukubwa wao akatoa kofia, akasema pole kwa matanga, wakatoka. Muzee Ukelo akanikaribia, akasema pole pole: «Mama, umeokoa quartier.»

Nilikubali ile neno. Nililala nayo miaka yote hii kama blanketi. Umeokoa quartier. Ukiamka na wasiwasi, unajifunika tena: umeokoa quartier. Lakini nikuambie vile ilikuwa kweli mu roho yangu ile saa. Sikuwaza quartier. Niliwaza atelie itanifukuza, niliwaza wale vijana watanikamata, niliwaza weye utabakia na nani. Nilijiokoa miye. Ile ya quartier ilikuja kisha, ni mutu mwingine njo aliniambia.

Woga, Wivine, inajua kuvaa nguo ya amani. Nilijifunza ile mubaya.

Na nilifikiri imeishia pale. Kumbe weye njo ulianza kulipa. Shule wakakuita mutoto wa muvunja-miguu. Ulirudi ukaniuliza: «Papa alikuwa anafanya kazi mubaya?» Nilikuwa ninachambua mboga. Nikakujibu: «Kila mutu anakosaka.» Jibu ya busara, eh? Ni uongo yenye nilipaka rangi, kama ile muguu.

Kisha siku ya posho moja, ile ya mbele ya siku ya Mungu, ulichukua bidon ya manjano bila kuniambia, ukapeleka mayi kwa Papa Gaston. Na posho ingine. Nikakuuliza nani alikutuma. «Hakuna,» ukasema. «Papa hawezi kwenda kumuomba musamaha. Nitaenda miye.»

Miaka tatu. Kila posho nilikuwa nakuona unapita pale mbele ya mulango, shingo imeingia mu mabega juu ya uzito, na nilinyamaza. Ile ya chuma ilikuwa kosa ya asubui moja, mutu anaweza kusema bwana yangu alikuwa anakufa. Ile ya bidon haina jina. Kila posho nilikuwa na mudomo, na kila posho niliifunga.

Watu wanasema chuma ya Mama Wivine haivunjike. Wanaleta kazi toka Boga, toka Niania, wanapita mafundi wengine mu njia. Wanafikiri ni akili. Hapana. Kisha ile siku sijawahi kuunga na bageti yenye haijapita ku mbabula, na sijapaka rangi ku kitu yenye sijapiga nyundo mara tatu. Ni woga tu, woga ya muzuri. Lakini hata kazi muzuri ya miaka kumi na tano haikugusa ile moja. Nilifikiri itaifunika. Haifunike.

Sasa utaniuliza: kwa nini leo? Kwa nini haukusema wakati niko na miaka kumi, na bidon ku kichwa?

Ni weye njo ulinisemesha. Siku ya Mungu yenye imepita, tulikuwa tunachagua maharagi, nikakuuliza kule unaenda kufanya nini kabisa, juu watu wananiuliza na miye ninajibu «masomo ya nyota» kama mutu anataja dawa yenye hajui.

Ulisema kuko nyota kubwa sana, ikikufa inatupa mwangaza moja, segonde chache tu, na mu ile segonde chache inatupa nguvu kuliko jua yetu mu maisha yake yote. Mwangaza ya gama, ulisema. Nikauliza nani aliiona. Ulisema hakuna, jicho haiwezi, ni mashini yenye wanatuma juu njo inaikamata. Na iko mbali sana, ilitoka kule mbele ya mutu kuzaliwa ku dunia.

«Basi imekwisha,» nikasema. «Mutamuuliza nani?»

«Njo maana ya labo, mama, nyumba ya kujaribia. Mu labo wanachukua hewa kidogo, wanaipitisha courant ya umeme, inawaka mpaka inakuwa plasma. Ile ni ndogo, iko karibu. Unaizima, unaiwasha tena, unapima mwangaza yake. Kisha tunaweka hii ya labo pembeni ya ile ya mbinguni, tunaangalia kama zinapanda na zinashuka kwa sheria moja.»

«Plasma ni nini tena?»

Ulicheka. «Weye unaniuliza miye? Ile yenye iko inawaka mbele ya bageti yako, hapo katikati ya bageti na chuma. Ile njo plasma.»

Niliacha maharagi. Miaka yote hii nabeba kitu na sijui jina yake.

«Na ile ya nyota,» nikakuuliza, «mutu hawezi kuigusa.»

«Hapana.»

«Anaona mwangaza tu.»

«Mwangaza tu. Na inakuja mara moja, hairudie. Ya labo unaweza kuanza tena mara mia. Ya nyota, kama haukuiona muzuri, basi.»

«Na kama hizo mbili hazifanane?»

«Tunaandika hazifanane.»

«Na kama profesa anataka zifanane?»

Ulinitazama. «Mama, unauliza kama jury ya mutihani.» Ukacheka tena. «Hata kama zinafanana, inaweza kuwa ni ya bure. Kitu mbili zinaweza kutoa mwangaza moja na ndani ni tofauti. Njo kazi yenyewe, kuchunguza. Kama hazifanane, tunaandika vile tuliona. Hata ikikasirisha mutu.»

Ukaendelea kuchagua maharagi. Haukujua umesema nini. Miye nilitoka inje nikasimama nyuma ya nyumba.

Juu ile kazi, Wivine, uliianza ukiwa na miaka saba. Hauna masomo, hauna mashini, una ukuta na chokaa. Uliweka mwangaza mbili pembeni. Moja ilikuwa ya baba yako, mwenye hatawasha tena, na ya kwake uliikumbuka vile ilikuwa. Ingine ilikuwa yangu. Ukapima, ukasema haifanane. Mutu wa kwanza mwenye alikuambia ni moja tu, nyamaza, ni mama yako. Nilikuwa profesa yako mubaya.

Utamukuta mwingine kama miye. Atakuwa na cheo, ao na umri, ao atakuwa mutu unamupenda. Atakuwa na haraka, atakuwa na mugonjwa wake ku hospitali, atakuambia moto ni moto. Usimuchukie. Lakini usitoke inje. Bakia pale, rudilia yenye uliona. Na siku yenye weye njo uko na haraka, na ni mudogo yako mwenye anasema haifanane, inua maski umuangalie.

Sikujua kama nitakuwa na nguvu ya kusema hii. Njo leo nilianza na mutu mwenye anaweza kunifanya mubaya, ili nisirudi nyuma. Nilienda kwa Papa Gaston.

Alikuwa ku mashini, anakanyaga na ile muguu moja.

«Karibu, Mama Wivine. Nasikia mutoto anapanda ndege kesho.»

Sikukaa. Nikasema: «Papa Gaston, ile muguu ya ine ni miye niliunga. Bwana yangu alikuwa hospitali. Niliona ni mubaya, nikapaka rangi. Kisha nilisema ni ye.»

Hakuacha kushona. Alifika mwisho ya kitambaa, akakata uzi na meno. Kisha akatoa mawani.

«Tatu hazikutoka,» akasema.

«Nini?»

«Ile siku. Nililala pale chini na chuma juu yangu, mbele watu wafike. Niliangalia ile miguu tatu. Nzima. Hata rangi haikupasuka. Nikajiuliza, mutu moja anaungaka vile mara tatu, halafu hivi mara moja?»

«Ulijua?»

«Sikujua. Niliwaza.»

«Kwa nini haukusema?»

«Niseme kwa nani? Kwa wale vijana? Weye ulikuwa pale. Unakumbuka vile walikuwa wanasimama.» Akapapasa ile goti. «Muguu, nilizoea. Sitakudanganya, usiku ya baridi ninakutukana, ao namutukana bwana yako, sasa nitabadilisha. Lakini mutoto, Mama Wivine. Uliacha mutoto anichotee mayi.»

«Niliacha.»

«Na miye niliikunywa,» akasema. «Nilikuwa na ile wazo mu kichwa, na kila posho nilikunywa.»

Hakuna mutu alilia, siye si watu wa vile. Kisha akauliza kama nitasema mbele ya watu. Nikamuambia siku ya Mungu nitasimama mu shirika yetu ya kanisa.

«Shirika yenu ni watu wa kwenu,» akasema. «Ni pande yetu njo ilimutukana marehemu. Utakuja kusema kwetu pia.»

«Nitakuja.»

«Sasa hivi watu wameanza tena kuulizana majina ku njia. Watakutukana.»

«Watukane.»

«Hawatakupatia kazi tena.»

«Nitabeba muchanga. Kichwa yangu ingali iko.»

Akavaa mawani. «Basi, siku ya Mungu. Nitakaa mbele, wasikuguse.»

Njo vile ilikuwa. Nimekuambia ili usifikiri utaweza kunizuia. Usiniambie «mama, acha, imepita.» Haijapita. Na usibakie juu yangu. Ninajua moyo yako, utasema nibakie mpaka siku ya Mungu nione vile itaenda. Hapana. Tikiti ni ya kesho, utapanda kesho. Kazi ya siku ya Mungu ni yangu, weye ulikwisha kubeba ya kwako mbele ya wakati. Kama uko na hasira, panda nayo. Hasira haina uzito ku valise. Utaandika ukitaka, na kama mwaka inapita haujaandika, nitajua, na nitaendelea kuwasha mbabula asubui.

Jioni uliniuliza nilikuwa wapi muda wote ule. Kutoka kwa Papa Gaston nilizunguka. Nilibeba nyundo ndogo mu kitenge. Nilienda kwenye baba yako alifanyaka kazi, kila mahali nilikumbuka. Mulango mukubwa ya dispanseri. Madirisha ya yule mama wa dawa. Ngazi ya kengele ku parokia. Ile daraja ndogo ya chuma ku mufereji, yenye weye ulipita kila siku kwenda shule na haukujua ni ya nani, juu sikukuambia. Ku kila moja nilipiga ku mushono. Chuma yenye iliungwa muzuri inalia kama kengele. Yenye iko na tundu ndani inalia kama sanduku tupu. Ku parokia mulinzi akanikuta.

«Mama, unatafuta nini na nyundo?»

«Ninasikiliza.»

«Unasikiliza nini?»

«Bwana yangu.»

Akaniacha. Akafikiri ni wazimu ya wajane.

Nilipiga yote, Wivine. Hakuna moja ililia mubaya. Kule unaenda, watakuuliza baba yako alikuwa nani. Watu wa masomo wanapendaka kuuliza. Usishushe uso vile unafanyaka, usiseme «alikufa zamani» ukaangalia pembeni. Sema alikuwa soudeur, Bunia, na kazi yake ingali inasimama.

Miye, mwenye nilimushikia chuma.